Pawa saplai mpya ya kompyuta ya Mjomba: shajara ya mradi

Ijumaa usiku

Kompyuta ya Mjomba haiwaki, na nashuku pawa saplai, kile kifaa cha ndani kinachogeuza stima ya ukutani kuwa volti ndogo za kompyuta. Ukibonyeza swichi, feni zinashtuka, taa ya mbele inamulika mara moja, basi. Mjomba anakaa Amalemba, hapa Kakamega, na riziki yake ni kupiga na kuhariri video za harusi na mazishi. Kwenye diski zake kuna video ya mazishi ya nyanya mmoja wa Butere ambayo haijakamilika, na watoto wa marehemu walioko Nairobi na ng'ambo wanaisubiri kwa ajili ya kumbukumbu. Ndiyo maana kazi hii naipa kipaumbele kuliko zangu.

Mashine yenyewe: prosesa i7-4790 ya mwaka 2014, kadi ya picha GTX 1060 ya mwaka 2016, RAM gigabaiti 16, diski moja ya SSD yenye mfumo, na diski ngumu (hard disk) mbili za inchi 3.5. Si mpya, lakini kwa video za harusi bado inachapa kazi vizuri sana. Hakuna sababu ya kuitupa.

Kuna dalili nyingine Mjomba alinitajia, nami naiandika hapa isipotee. Kwa muda sasa, stima ikipepesa kidogo tu, kompyuta hujizima, ilhali imechomekwa kwenye UPS (boksi la betri la kushikilia stima ikikatika) na UPS yenyewe haizimi. Pia kesi, yaani boksi la chuma la kompyuta, "inauma" ukiigusa bila viatu. Nitayafuata yote mawili.

Jumamosi: kupima

Nimechomoa kila kitu kwenye pawa saplai na kubaki nayo peke yake mezani. Rangi za waya za ATX, kiwango cha kawaida cha pawa saplai za kompyuta za mezani, ukizijua, maltimita (kipima umeme) ya bei ya chini inatosha. Njano ni volti 12, nyekundu 5, rangi ya chungwa 3.3, nyeusi ni sifuri. Zambarau ni volti 5 za kusubiri, inakaa hai maadamu umeme unaingia. Kijani ndiyo ya kuwasha: ukiigusisha na nyeusi kwa klipu ya karatasi, pawa saplai inapaswa kuamka bila kompyuta. Kijivu huiambia bodi kuu ya kompyuta kwamba volti zimetulia na kazi inaweza kuanza. Kiwango cha ATX kinaruhusu tofauti ya asilimia 5, maana yake njano isishuke chini ya 11.4 wala kupita 12.6, na zile volti 5 zisishuke chini ya 4.75.

Zambarau ilisoma 4.3. Hapo tayari kuna ugonjwa. Nilipoweka klipu, feni ilizunguka nusu duara, njano ikapanda hadi 10.7, ikaanguka. Kijivu haikuamka kabisa.

Nikamulika tochi kupitia matundu ya feni. Kapasita (vikopo vya kuhifadhi umeme) mbili upande wa kutolea umeme vichwa vimevimba, na mojawapo imetoa ute wa kahawia uliokaukia kwenye bodi. Mjomba akaenda kuleta bisibisi. Nikamwomba aiweke chini. Ndani ya pawa saplai, kapasita kubwa ya upande wa stima hubeba karibu volti 340 za DC, na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa plagi ukutani. Yeye ni mtu wa kujaribu mambo kwa mikono yake, na kwa hilo namheshimu sana, ila hapa sikutaka mkono wake uingie.

Jambo lililonishtua zaidi lilikuwa nje ya boksi. Pawa saplai hii haina plagi ya pini 6 ya kadi ya picha, kwa hiyo aliyeifunga alitumia kiunganishi cha kuchukua umeme kwenye plagi za diski za zamani, zile pana za pini 4. Plastiki yake nyeupe imegeuka rangi ya chai, na waya wa njano umekauka kiasi kwamba ukiupinda unarudi kama ulivyokuwa. Kadi imekuwa ikivuta umeme wake kupitia hapo miaka yote hii.

Jioni rafiki yangu wa Lurambi akaniazima pawa saplai ndogo ya wati 300, nzima. Nimeifunga bila kadi ya picha, kwa sababu i7-4790 ina picha zake za ndani. Imewaka. Bodi nzima, RAM nzima, diski zote zinaonekana. Kabla ya jambo lingine lolote nimenakili folda ya Butere kwenye diski ya nje. Mjomba alisimama nyuma yangu hadi faili la mwisho lilipoingia.

Jumamosi usiku: lebo

Nimekaa na lebo ya pawa saplai iliyokufa, na inastahili kusomwa polepole. Juu, kwa herufi kubwa, imeandikwa 600W. Chini, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, kuna jedwali: volti 12 ampea 18, volti 5 ampea 30, volti 3.3 ampea 22, na vilaini viwili vidogo. Zidisha volti kwa ampea upate wati. Volti 12 mara 18 ni wati 216. Zile 5 ni 150, zile 3.3 ni karibu 73. Jumlisha hata vile vidogo, hufiki 460. Yaani jedwali lao wenyewe linakana namba iliyoandikwa juu yake.

Na hata hizo 460 si kitu cha kutegemea, kwa sababu kompyuta ya siku hizi hula karibu kila kitu kwenye volti 12. Laini ya volti 5 yenye ampea 30 ilikuwa na maana zamani, prosesa zilipokuwa zikilishwa kutoka hapo. Sasa prosesa na kadi ya picha zote ziko kwenye waya wa njano.

Hesabu ya Mjomba basi. Prosesa imekadiriwa wati 84. Wakati wa kurenda, yaani kompyuta ikitengeneza faili la mwisho la video, naiwekea 100. GTX 1060 ni 120. Hizo mbili peke yake ni wati 220, zaidi ya ampea 18 za volti 12. Ongeza injini za diski mbili na feni, unakaribia ampea 20. Halafu kuna ule muda wa kuwasha, ambapo kila diski ngumu ya inchi 3.5 inaweza kuvuta kama ampea 2 ikianza kuzunguka. Pawa saplai iliyosema yenyewe inaweza 18 imekuwa ikiombwa 20 kila Mjomba anaporenda, saa nne tano mfululizo. Kwa jumla, pamoja na bodi na RAM, mashine nzima nadhani inafika wati 270 ikibanwa.

Mjomba akauliza, "Mpwa wangu, sasa tukinunua ya 550 si tutakuwa tumeshuka kutoka 600?"

Nikampa lebo. Nikamwonyesha ile 18 kwa kidole. Akaisoma, akachukua kalamu akazidisha mwenyewe nyuma ya risiti ya petroli, akatikisa kichwa. "Kumbe nilinunua namba."

Lengo langu sasa liko wazi: wati 500 hadi 550 za kweli, volti 12 ikiwa na ampea 40 au zaidi. Mzigo wa 270 juu ya 550 ni karibu nusu, na nusu ndipo pawa saplai hupumua vizuri.

Jumapili: stima ya nyumba

Pawa saplai huishi kwa stima ya pale ilipo, na stima ya Amalemba nimeipima leo kutwa nzima. Asubuhi 238. Mchana 229. Jioni, posho mili ya jirani ikiwa inasaga na watu wamewasha majiko, imeshuka 196, ikapanda, ikashuka tena 191. Mvua ya alasiri ilipoanza na radi za kawaida za huku, stima ikakatika na kurudi kwa kishindo, na kwa sekunde kadhaa ikasoma zaidi ya 250.

Hili limebadilisha orodha yangu. Pawa saplai nyingi za daraja la chini zimeandikwa kwamba zinapokea volti 200 hadi 240 pekee. Hapa, saa za jioni ambazo Mjomba hufanya kazi, hizo zitakuwa zinaomba msamaha kila siku. Zile zenye urekebishaji kamili wa umeme unaoingia, unaoitwa Active PFC, mara nyingi hupokea 100 hadi 240. Kwao 191 ni katikati ya uwanja. Kwa nyumba hii, mstari huo mmoja wa lebo nauweka sawa kwa uzito na ampea za volti 12.

Pia nimeielewa ile dalili ya kompyuta kujizima huku UPS ikiwa hai. Stima ikikatika, UPS ya kawaida huchukua milisekunde kadhaa kubadilisha kwenda betri. Kiwango cha ATX kinataka pawa saplai iweze kushikilia kama milisekunde 16 bila umeme kuingia, kwa akiba ya ile kapasita kubwa. Ukiweka kapasita ndogo ili kupunguza gharama, halafu uibebeshe mzigo uliozidi, akiba inaisha kabla UPS haijafika. Mjomba alikuwa amekwisha kuilaumu betri ya UPS.

Kesi kuuma: soketi ya ukutani iko sawa, waya wa athi (ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) upo. Ekstensheni ndiyo haina. Ndani yake kuna nyaya mbili tu, na pini ya tatu ni pambo. Kichujio cha pawa saplai huunganisha kesi na nyaya zote mbili za stima kupitia kapasita ndogo, na athi ikikosekana kesi huelea kwenye karibu nusu ya volti za stima. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana unawasha tu ngozi, lakini hakuna mtu anayepaswa kufanya kazi hivyo. Ekstensheni imetoka nyumbani leo hii, na mpya yenye nyaya tatu nimeiongeza kwenye orodha ya kununua.

Jumatatu: Kakamega mjini

Duka la kwanza lilikuwa na "700W" kwa shilingi 1,800. Niliomba kuishika. Ilikuwa nyepesi kuliko pakiti ya sukari ya kilo moja. Volti 12, ampea 20. Niliishukuru ile familia ya duka nikaondoka.

Fundi mmoja anayejulikana sana hapa alinipa mawazo mawili. La kwanza, abadilishe kapasita zilizovimba kwa shilingi 600. Ni fundi hodari, na ingewaka, naamini. Lakini ingerudi kuwa ya ampea 18 ileile, na isiyo na plagi ya kadi ya picha. La pili, anitolee pawa saplai kwenye kompyuta za mitumba kutoka Uingereza, ambazo anazo tele. Hizo kwa kweli hutengenezwa vizuri, na ningezipenda kama zingeingia. Tatizo ni plagi. Dell OptiPlex 9020 hulisha bodi kwa plagi ya pini 8, HP EliteDesk 800 G1 kwa pini 6, Lenovo ThinkCentre M93p kwa pini 14. Bodi ya Mjomba ni ya kawaida, pini 24. Umbo nalo si lile la kesi yetu. Mwenye kompyuta kama hizo naye akitafuta pawa saplai ahesabu pini kwanza kabla ya kutoa pesa, maana ya dukani ya kawaida haitaingia kwake bila kiunganishi maalumu.

Wati 550 zenye karatasi kamili hakuna mjini wiki hii. Nitashuka Kisumu.

Jumanne

Leo nimepima tu, kwa ile tepu ya kushonea ya nyumbani. Nafasi ya pawa saplai: upana sentimita 15, urefu wa wima 8.6, kina hata cha 16 kinaingia. Umbo la ATX la kawaida. Inakaa chini ya kesi, na plagi ya prosesa iko juu kabisa nyuma, kwa hiyo kebo yake lazima ifike sentimita 55 na zaidi ikipita nyuma ya bodi. Kwenye bodi, plagi ya umeme wa prosesa ina matundu 8. Kadi inataka pini 6. Diski zinataka plagi tatu za SATA.

Nimepiga simu maduka ya Kisumu na kuomba kila mmoja anisomee jedwali la lebo. Wengine walisoma namba ya boksi tu. Wawili walikwenda kuleta boksi na kusoma laini kwa laini, na hao ndio nitawatembelea.

Kuhusu nembo ya 80 Plus, inayoonyesha pawa saplai inapoteza umeme kiasi gani: daraja la Bronze maana yake, kwenye nusu ya mzigo, angalau asilimia 85 ya umeme unaoingia inatoka kuwa kazi, ikipimwa kwa volti 115, kwa volti zetu huwa juu kidogo ya hapo. Nembo huchapishwa na yeyote mwenye printa, lakini orodha ya modeli zilizopimwa iko wazi kwenye intaneti, na jina la modeli ama limo ama halimo. Mjomba aliuliza kama Gold, daraja la juu yake, ingefaa zaidi. Nikamwambia tukichukulia ile ya zamani ilikuwa asilimia 70, kwa kazi ya wati 200 ilikuwa inavuta 286 ukutani. Bronze itavuta 235. Akifanya kazi saa nane kwa siku, ni karibu uniti 12 za token kwa mwezi anazookoa. Kutoka Bronze kwenda Gold anaokoa wati kumi na kitu tu, na tofauti ya bei ni nusu ya UPS mpya. Bronze.

Jumatano: Kisumu

Matatu ya asubuhi, Chavakali, Majengo, Kiboswa, na joto la ziwa linakupokea kabla hujashuka stendi.

Duka la kwanza, karibu na Oginga Odinga Street, walikuwa na nzuri ya 500, ila imeandikwa 200–240. Niliishika muda mrefu. Kwa mtu wa mjini mwenye stima iliyotulia ingetosha kabisa.

Duka la pili ndilo. Wati 550, Bronze, na modeli nimeikuta kwenye orodha ya 80 Plus nikiwa nimesimama pale kaunta. Volti 100 hadi 240. Volti 12 ampea 43, ambayo ni wati 516, kwa hiyo karibu nguvu yote iko kwenye waya wa njano. Volti 5 na 3.3 zinazalishwa kutoka hiyo 12 kwa vibadilishi vyao wenyewe, muundo ambao unaifaa prosesa ya kizazi hiki: kuanzia kizazi cha nne cha mwaka 2013, prosesa za Intel zina usingizi mzito ambapo hazivuti karibu chochote kwenye volti 12, na pawa saplai za muundo wa zamani huweza kuyumba hapo. Plagi ya prosesa ya pini 4+4, za kadi ya picha mbili za pini 6+2, SATA za kutosha. Kebo ya prosesa nilimwomba kijana wa duka aitandaze, tukaipima: 60.

"Kaka, wewe unanunua pawa saplai kama mtu anayeposa," akasema. Lakini aliniwekea kwenye mashine yao ya majaribio bila kulalamika, akaiacha iwake huku tukizungumza. Shilingi 7,200, nimelipa kwa M-Pesa, risiti ina muhuri na namba ya boksi, waranti miaka mitatu. Ekstensheni ya nyaya tatu yenye swichi nimeinunua hapohapo jirani.

Jumatano usiku: kufunga

Feni ya pawa saplai imetazama chini, kwenye matundu yenye kichujio. Kesi nimeiinua juu ya vipande viwili vya mbao, maana vumbi jekundu la Amalemba hutambaa sakafuni. Kebo zote ni za pawa saplai yenyewe. Hakuna hata kebo moja ya zamani iliyobaki ndani, na kile kiunganishi kilichoiva nimekikata kwa koleo ili asije mtu akakiokota.

Imewaka mara ya kwanza. Imetulia: njano 12.09, nyekundu 5.03, chungwa 3.34, zambarau 5.06. Ukigusa kesi kwa mguu mtupu, hakuna kitu.

Alhamisi

Mjomba ameanza kurenda Butere saa kumi na mbili jioni, makusudi, saa ambayo posho mili inasaga. Ukutani volti 194. Njano imeshuka hadi 11.98 na kukaa hapo. Saa mbili usiku nikachomoa UPS ukutani huku kazi ikiendelea. Feni hazikubadilisha hata sauti. Nikarudisha, nikachomoa tena mara kadhaa. Ni lazima nijaribu hivi, kwa sababu baadhi ya UPS za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi-ngazi ambalo pawa saplai za Active PFC hazipatani nalo. Hizi mbili zimepatana.

Ila betri ya UPS, ambayo haikuwa na hatia ya kuzima kompyuta, imechoka kwa umri: ikibeba mzigo wa kurenda inalia baada ya dakika tatu hivi. Tumeafikiana anunue betri ya volti 12, ampea-saa 7, malipo ya Butere yakiingia. Kabla ya hapo, radi ikianza, anahifadhi kazi, anazima na kuchomoa ekstensheni ukutani pamoja na kebo ya intaneti. Amekubali, na ameibandika karatasi ukutani juu ya meza.

Faili limekamilika saa tano kasoro. Pawa saplai ya rafiki wa Lurambi nairudisha kesho asubuhi.